Bomba la Mafuta Linapoharibika Kwenye Pikapu ya Zamani: Dalili, Chanzo na Matengenezo

Pikapu za miaka ya 1980 na 1990 bado zinafanya kazi Dodoma, zikibeba zabibu kutoka Hombolo, mahindi ya kupeleka soko la Kibaigwa, alizeti, mbao na madumu ya maji. Kwa muda wote huo changarawe imekuwa ikipiga chini ya gari, tope la mbuga za Bahi limekuwa likigandia kwenye chesisi kila masika, na bomba la mafuta, ambalo unene wa chuma chake haufiki hata milimita moja, limebaki pale pale lilipofungwa kiwandani bila mtu kulitazama. Likianza kuchoka, mara nyingi lawama huangukia kifaa kingine. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kufunguliwa kwa injekta pampu (ile inayosukuma dizeli kwa shinikizo kubwa kwenda kwenye injini) ya pikapu yangu ya dizeli katika gereji moja ya hapa mjini, ikafungwa tena na tatizo likabaki lile lile, kumbe kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja, mahali unapoungana na bomba karibu na tangi. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo ningependa kuwa nimelijua kabla ya kutoa fedha ile.

Bomba linavuta au linasukuma?

Kwenye dizeli nyingi za zamani, na kwenye petroli zenye kabureta na pampu inayoendeshwa na injini, pampu ipo mbele, kwenye injini, na tangi lipo nyuma. Maana yake ni kwamba urefu wote wa bomba unaopita chini ya gari uko upande wa kuvuta. Injini inapounguruma, ndani ya bomba hilo shinikizo ni dogo kuliko la hewa ya nje, hivyo tundu dogo au klampu iliyolegea haitoi mafuta bali inaingiza hewa. Unaweza kulala chini ya gari nusu saa, injini ikiwaka, usione hata tone moja, ukaapa kwamba bomba ni zima. Mwenye petroli ya mfumo wa injekta, ambao pampu yake imo ndani ya tangi, ana hali iliyo kinyume kabisa: bomba lake lote linasukumwa kwa shinikizo la takriban bar 2.5 hadi 3, na ufa wowote unarusha mafuta papo hapo. Bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi ni la tatu katika hesabu hii. Lina shinikizo dogo sana, na huvuja pale tu injini inapofanya kazi.

Ukishajua gari lako liko kundi gani, nusu ya utafutaji imekwisha, kwa sababu dalili zifuatazo zinasomeka tofauti kwa kila upande.

Gari halitaki kuwaka asubuhi, lakini mchana linawaka vizuri

Hii ndiyo dalili inayopoteza watu wengi zaidi, na hapa Dodoma ina kisingizio chake: baridi ya Juni na Julai. Mwenye dizeli anaposumbuliwa na starta alfajiri, jambo la kwanza analoambiwa ni plagi za kupasha joto, na kweli plagi hizo hufa. Hata hivyo, hewa iliyoingia kwenye bomba inatoa dalili ile ile. Gari likilala usiku kucha, mafuta yaliyokuwa yamepanda hadi kwenye pampu hushuka polepole kurudi tangini kwa kuwa hewa imepata njia ya kuingia nyuma yake, na asubuhi pampu inalazimika kuyavuta upya kutoka mwanzo.

Kutenganisha vyanzo hivi viwili hakuhitaji kifaa chochote. Kabla hujagusa ufunguo, fungua boneti na ubonyeze kwa mkono kile kitufe cha kupampu kilicho juu ya filta ya dizeli. Kikiwa laini, kikazama mara kumi au ishirini bila upinzani kisha kikaanza kukaza, na gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza wa starta, basi mafuta yalikuwa yamerudi nyuma na unatafuta mahali hewa inapoingilia. Kikiwa kigumu tangu mwanzo na gari bado likagoma huku likitoa moshi mweupe wakati wa kupiga starta, mafuta yanafika. Nenda kwenye plagi, betri au mgandamizo wa injini, na uliache bomba kwa sasa. Jaribio hili lifanyike asubuhi tatu mfululizo, kwani siku moja inaweza kudanganya.

Usisahau vipira vyembamba vya kurudisha mafuta vilivyo juu ya nozeli zenyewe, yaani vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini. Ni vidogo, vinakaa kwenye joto la injini, vinakauka na kupasuka, na hewa hupita humo kirahisi kama inavyopita kwenye bomba kubwa. Bei yake ni ndogo mno kiasi kwamba mimi huvibadilisha vyote kwa pamoja bila kubishana navyo.

Gari linakosa nguvu kwenye mlima

Pikapu inakwenda vizuri mjini, inafika hata Mtera bila shida, lakini ikianza kupanda Nyang'oro kuelekea Iringa inachoka, inashtuka-shtuka, na ukipunguza mwendo inapata nafuu. Dalili hii inasema kwamba mafuta yanapita, ila hayatoshi pale injini inapoyahitaji kwa wingi. Chanzo cha kwanza cha kukagua ni filta, kwa kuwa ni rahisi kuibadilisha. Kama filta ni mpya, angalia mfuniko wa tangi: safiri mpaka gari lianze kuchoka, simama, fungua mfuniko taratibu na usikilize. Ukisikia upepo ukiingia kwa nguvu na gari likapona kwa kilomita kadhaa, tundu la kupumulia la tangi limeziba kwa vumbi, na pampu ilikuwa ikivutana na ombwe.

Vikipita vyote viwili, ndipo bomba lenyewe linashukiwa, na kuna mambo mawili ya kutafuta. La kwanza ni mahali palipobonyezwa na jiwe au na jeki iliyowekwa vibaya. Bomba la chuma lililobanwa hadi nusu ya upana wake linaweza kutosheleza gari tupu na lisitosheleze gari lenye tani moja ya mahindi. La pili ni gumu kuliona, kwa maana lipo ndani: mpira wa zamani huoza upande wa ndani kabla ya nje, ngozi yake ya ndani inabanduka na kuning'inia kama ulimi, na kadiri pampu inavyovuta kwa nguvu ndivyo ulimi huo unavyofunga njia. Mpira wa namna hiyo ukiushika kwa nje unaonekana mzima. Ukiukata kwa kisu kwa urefu ndipo unapoona.

Jaribio la kumaliza ubishi ni la dumu. Chukua dumu safi la lita tano lenye dizeli safi, liweke mahali palipo imara ndani ya boneti au juu ya bodi, mbali na ekzosi na mbali na feni, kisha chomoa mpira unaoingia kwenye filta na uunganishe mpira mpya unaotoka kwenye dumu; mpira wa kurudisha nao uelekeze kwenye dumu lile lile. Toa hewa, washa, na ukanyage mafuta gari likiwa limesimama. Matatizo yakitoweka, kila kitu kuanzia filta kwenda mbele hakina hatia, na kosa liko kati ya filta na tangi. Yakibaki, hapo fundi wa pampu ana haki ya kusikilizwa. Jaribio hili ni la dizeli peke yake. Usilifanye kwa petroli, kwa sababu dumu la petroli lililo wazi juu ya injini ya moto ni balaa.

Kipande cha mpira mwangavu kilichofungwa kwa muda kati ya filta na pampu nacho husaidia sana: povu dogo dogo likipita mfululizo, hewa inaingia nyuma ya hapo. Ukisogeza kipande hicho hatua kwa hatua kuelekea tangini, mahali ambapo povu linakoma kuonekana utakuwa umelipita tundu. Kisibaki humo moja kwa moja, kwani mpira mwangavu wa kawaida hukakamaa upesi ukikaa na mafuta.

Harufu, unyevu na mafuta yanayopungua

Vumbi la Dodoma, ambalo ni adui wa filta zote, hapa linakuwa shahidi. Dizeli inayovuja haikauki haraka. Inashika vumbi na kufanya tope jeusi lenye mafuta, na mara nyingi tope hilo huanzia juu kidogo ya pale linapoonekana kuwa zito. Petroli hufanya kinyume: inasafisha vumbi, inakauka, na kuacha mstari uliooshwa wenye doa la manjano au hudhurungi pembeni. Kwa hiyo usikimbilie kuosha chini ya gari kabla hujasoma alama hizi. Baada ya kuzisoma, osha, acha pakauke, paka bomba unga wa chaki, endesha kilomita chache, kisha urudi na tochi.

Kuna hali moja ambayo imewahi kuvuruga hata uhusiano wa watu. Mwenye gari anaona mafuta yanaisha kuliko kawaida, anachungulia chini ya gari asubuhi, hakuna doa hata moja, na anahitimisha kwamba dereva anayauza njiani. Bomba la kurudisha mafuta likiwa na ufa halivuji gari likiwa limelala. Linavuja injini inapozunguka, na upepo wa safari unayatawanya mafuta kwenye chesisi na tairi la akiba. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, acheni injini iwake dakika kumi gari likiwa limesimama, mtandaze maboksi yaliyopasuliwa kutoka tangi hadi mbele, na mtazame pamoja.

Mvujo unaodondoka gari likiwa limezimwa nao usidharauliwe. Tone moja kwa kila sekunde, usiku kucha, linaweza kufikia lita moja.

Petroli inayozima kwenye jua

Kwa petroli yenye kabureta, gari huzima saa nane mchana kwenye foleni, linakataa kuwaka kwa nusu saa, kisha linawaka kama halikuwa na kitu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na petroli huchemka mapema kidogo zaidi huku kuliko pwani. Bomba lililosogea karibu na ekzosi baada ya kishikizo chake kukatika linatosha kuyageuza mafuta kuwa mvuke ambao pampu haiwezi kuuvuta. Tiba ni kulirudisha bomba mahali pake na kuweka kishikizo kipya. Kuimwagia maji pampu ni njia ya kufika nyumbani tu.

Mahali pa kutazama kwanza

Bomba huoza pale lisipoonekana: chini ya vishikizo vya chuma, ambapo tope hubaki na unyevu hadi Mei ingawa juu pamekauka; juu ya ekseli ya nyuma, ambapo springi zikizidiwa na mzigo ekseli hupanda na kuligonga; mahali linapopenya kwenye chesisi bila mpira wa kulikinga; na kwenye kila ungio la mpira na chuma. Pitisha bisibisi juu ya kutu kwa kukwangua kidogo. Kutu ya vumbi inatoka na chuma kinang'aa, ilhali kutu iliyokula inabonyea au inatoa magamba. Gari lililokaa shambani muda mrefu likaguliwe pia kwa meno ya panya, hasa kwenye mipira iliyo juu ya tangi, na alama zake hazifichiki: mikato miwili miwili, mifupi, iliyopangana.

Kabla ya kukata chochote

Ondoa waya hasi wa betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji, kwa hiyo petroli isifunguliwe juu ya shimo, wala karibu na jiko la mkaa la mama lishe, hata kama jiko hilo liko hatua nyingi na mwenyewe anasema limezimika. Tumia tochi ya betri badala ya taa ya waya yenye glopu. Kuwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga, au angalau ndoo mbili za mchanga mkavu. Mafuta yasinyonywe kwa mdomo, kwa maana yakiingia kwenye mapafu huyajeruhi vibaya, na ni kiasi kidogo tu kinachohitajika. Wala asitokee mtu wa kuchomelea bomba au tangi likiwa bado kwenye gari. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Kwenye mabomba membamba ya chuma yanayotoka injekta pampu kwenda nozeli, sheria ni moja: injini ikiwa inazunguka, mkono usikaribie. Shinikizo humo linazidi bar 100, na mchirizi usioonekana unaweza kupenya ngozi kama sindano. Jeraha la namna hiyo, hata likionekana kama tobo dogo lisiloumiza, ni la kupelekwa hospitali siku ile ile.

Kutengeneza

Kama kutu iko sehemu moja na bomba lililobaki ni zima, kata kipande kibovu ukizidisha sentimita kadhaa kila upande hadi ufike chuma chenye afya. Tumia kikata bomba cha kuzungusha. Msumeno huacha unga wa chuma unaokwenda moja kwa moja kwenye filta. Ncha zote mbili zipanuliwe kidogo ili kuwe na ukingo wa kuuzuia mpira usichomoke, kisha mpira uingie si chini ya milimita 25 kila upande na klampu ikae nyuma ya ukingo huo. Waya wa kufungia si klampu. Unakata mpira, na katika upande wa kuvuta unaingiza hewa hata kama hauvujishi kitu.

Mpira wenyewe uwe wa mafuta. Ule ulioandikwa SAE 30R7 unafaa dizeli za zamani na kabureta. Petroli ya injekta inataka 30R9, wenye kustahimili shinikizo kubwa zaidi. Mpira wa maji, wa gesi ya kupikia au wa kumwagilia bustani unafanana nao dukani na unauzwa nafuu, lakini unavimba na kulainika baada ya wiki chache. Pima upana kabla ya kwenda dukani: bomba la kupeleka mafuta kwenye pikapu nyingi lina kipenyo cha nje cha milimita 8, na la kurudisha milimita 6. Mpira uliozidi kwa milimita moja na kukazwa kwa klampu utakunjamana, na mkunjo huo ndio mlango wa hewa.

Kutu ikiwa imetapakaa, sioni faida ya kuunga vipande vitatu au vinne, kwa kuwa kila ungio ni tatizo la kesho. Badilisha bomba lote kwa bomba la chuma lenye upana ule ule. Mafundi wengine hupendekeza bomba la breki kwa sababu lipo kila duka, lakini kipenyo chake cha nje ni kama milimita 4.75 tu, na gari litarudi kwenye ule ugonjwa wa mlimani. Shaba nyekundu inapindika kirahisi na kupendeza macho, ila mtikisiko wa barabara za vumbi huikakamaza hadi inapasuka. Bomba jipya lipite njia ya lile la zamani, lifungwe kwa vishikizo vyenye mpira ndani, na kati yake na ekzosi kusipungue upana wa kiganja.

Kwa petroli ya injekta, usiunge bomba la chuma kwa mpira na klampu za kawaida katikati ya safari yake. Ungio liwe la nati na mdomo uliopanuliwa kwa kifaa chake, au bomba zima libadilishwe.

Njiani, mbali na gereji, tuseme kati ya Manyoni na Itigi, kipande cha mpira wa mafuta cha mita moja, klampu nne na bisibisi vitakufikisha. Mpira wa ndani wa baiskeli hautakufikisha mbali, maana mafuta huulainisha. Sabuni ya mche iliyosuguliwa kwenye ufa wa tangi inazuia mvujo kwa safari moja, na huo ni ujuzi wa kweli wa madereva wetu, ila kwenye bomba linalovuta haina msaada wowote.

Kutoa hewa na kuhakikisha

Kwenye dizeli, pampu kwa mkono juu ya filta mpaka kitufe kikaze, kisha piga starta. Likigoma, legeza nusu mzunguko nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha starta kwa sekunde zisizozidi 15 na uipumzishe kila mara, hadi mafuta yatoke bila povu. Kaza nati, futa kila kitu na uwashe. Petroli ya kabureta haihitaji haya, starta ikizungushwa kidogo inatosha.

Acha injini iwake dakika kumi huku ukikagua kila ungio kwa kitambaa kikavu, au karatasi ya chooni, ambayo huonyesha unyevu ambao jicho halijauona. Kwa upande wa kuvuta, kipimo halisi ni cha kesho yake: gari lilale, na alfajiri ubonyeze kile kitufe cha filta kabla ya kitu kingine chochote. Klampu zikazwe tena baada ya kilomita mia moja hivi, mpira ukishajikalia, na filta mpya ifunguliwe kuangaliwa mapema kuliko kawaida, kwa sababu kutu iliyotikiswa wakati wa kazi hii itakuwa imeishia humo.